Kinu, Mchi na Kamera: Kugeuza Visa vya Ukware vya Zama za Kati Kuwa Filamu

Kasisi wa Varlungo, kijiji jirani na Florence, anamtamani Belcolore, mke wa mkulima. Belcolore anamwambia alete lire tano kwanza. Kasisi hana kitu, anaacha joho lake rehani. Haja ikishakwisha, roho inaanza kumuuma kwa ajili ya joho, basi anamtuma mtoto akaazime kinu cha mawe cha Belcolore, eti ana wageni anataka kuwatengenezea mchuzi. Baadaye, saa anayojua kabisa kwamba mume na mke wako mezani, anakirudisha kinu kwa mkono wa mhudumu wa kanisa: kasisi anashukuru sana, na anaomba lile joho aliloliacha rehani ya kinu. Mume anamgeukia mkewe kwa hasira. Yaani kinu tu, nawe unamtoza kasisi rehani? Belcolore analitoa joho huku amekunja uso, na kutuma maneno: mwambie hatatwanga tena mchuzi katika kinu changu. Kasisi anajibu kwamba asipotuazima kinu, na sisi hatutamwazima mchi.

Aliyekulia karibu na kungwi, ngoma za wanawake na kanga zenye majina hahitaji kuelezwa kinu ni nini na mchi ni nini. Kisa hiki ni cha pili katika siku ya nane ya Decameron, kitabu cha Giovanni Boccaccio chenye visa 100, kilichoandikwa miaka michache baada ya tauni ya 1348. Nimekianza nacho kwa sababu kinabeba jambo ambalo mwongozo huu wote unalisimamia: visa hivi vinachekesha kwa hila, na mwili unakuja nyuma ya hila. Tazama hapo juu. Kilichoonekana ni joho, kinu na mume aliyekasirikia kitu kisichokuwepo. Mwandishi wa skripti anayelishika hilo anaweza kuifanya kazi hii vizuri, awe na bajeti kubwa au ndogo.

Hatua ya kwanza: soma kisa chenyewe, kisha ikague tafsiri

Wengi wetu tunavisoma visa hivi kwa Kiingereza, na hapo pana mitego miwili. Wa kwanza ni hakimiliki. Boccaccio alifariki 1375, na Geoffrey Chaucer, Mwingereza aliyeandika Canterbury Tales, 1400, hivyo visa vyao ni vya kila mtu. Tafsiri ni mali nyingine. Ile ya John Payne ya 1886 na ile ya J. M. Rigg ya 1903 ni za zamani kiasi kwamba watafsiri wote wawili wamefariki karibu karne moja iliyopita au zaidi; ile ya G. H. McWilliam ya 1972 ingali inalindwa. Ukichota majibizano kutoka tafsiri mpya ukayatia kinywani mwa mwigizaji wako, unahitaji ruhusa. Ukitunga majibizano yako mwenyewe kutokana na kisa, huna deni.

Mtego wa pili ni mkasi wa mtafsiri. Rigg akifika kwenye kisa cha Alibech, msichana anayekwenda jangwani kwa mtawa kujifunza ibada, anaacha kutafsiri na kubandika Kiitaliano kama kilivyo. Msomaji asiyekijua Kiitaliano anaruka aya hizo na kudhani amekisoma kisa. Kwa hiyo chukua tafsiri mbili uzilinganishe aya kwa aya. Palipo na pengo ndipo penye jambo.

Halafu soma kwa sauti. Chaucer na Boccaccio walirithi desturi ya mashairi mafupi ya kuchekesha ya Ufaransa, ambayo kama 150 yametufikia, mengi ya karne ya 13, na yalitungwa kwa ajili ya masikio. Ukisoma kwa macho tu, unaona ukware. Ukisoma kwa sauti, unasikia wapi msimulizi anavuta pumzi kabla ya kulitoa neno.

Hatua ya pili: iandike hila kwa sentensi moja bila kukitaja kitanda

Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote. Ukishindwa kuieleza hila bila kutaja tendo, kisa hicho hakina filamu, au bado hujakielewa.

Chukua kisa cha Msaga Nafaka katika Canterbury Tales. Seremala mzee wa Oxford amemwoa Alisoun, binti wa miaka 18, na nyumbani kwake amepanga mwanafunzi, Nicholas. Sentensi yake ni hii: mwanafunzi anamwaminisha seremala kwamba gharika ya pili inakuja, ili seremala alale juu darini ndani ya beseni. Lakini hapo hapo kuna hila ya pili. Absolon, karani wa kanisa, anakuja gizani dirishani kuomba busu. Anadhalilishwa vibaya, anatolewa makalio badala ya mdomo, anakwenda kwa mhunzi na kurudi na chuma cha plau kilichotoka motoni. Safari hii Nicholas ndiye anayetoa makalio, anaunguzwa, anapiga kelele: “Maji!” Na juu darini seremala anaamka, anasikia maji, anajua gharika imefika, anakata kamba na kuanguka hadi chini na kuvunjika mkono.

Neno moja linafunga hila mbili zilizokuwa zikienda kila moja na njia yake. Sijui kisa cha kuchekesha kilichojengwa kwa ustadi kuliko hiki. Nawe mwandishi wa Kiswahili umepewa zawadi, maana “maji” ni neno fupi, lenye irabu iliyo wazi, linalopigika kwa mayowe. Kazi yako ni kuhakikisha mtazamaji amemsahau seremala kwa dakika nzima kabla neno hilo halijatoka. Ukikata kwenda darini hata mara moja katikati, umekiua kicheko kabla hakijazaliwa.

Kuna ushahidi wa kinachotokea hila ikiachwa. Pier Paolo Pasolini, mwongozaji wa Italia, alitoa filamu yake ya Decameron mwaka 1971, ikapata tuzo Berlin na watazamaji wengi mno. Baada yake Italia ilimwaga makumi ya filamu za kuigiza mafanikio hayo, zilizotengenezwa haraka haraka, hata zikapewa jina la pamoja, decamerotici. Nyingi zilichukua ngozi na kuacha hila, na leo watu wachache wanazitazama. Pasolini mwenyewe mwaka 1975 aliandika tamko la kuzikana filamu zake tatu za aina hii, akiumia kuona miili aliyoitukuza imegeuzwa bidhaa.

Hatua ya tatu: uliza nani anachekwa

Mwaka 1559 Decameron iliingizwa katika orodha ya Kanisa ya vitabu vilivyopigwa marufuku. Mwaka 1573 likatoka Florence toleo lililosafishwa. Wasafishaji hawakuhangaika sana na kitanda. Waliwagusa makasisi na watawa: wakageuzwa watu wa kawaida, huku vituko vyenyewe vikibaki. Hili lakuonyesha ukali wa visa hivi ulikuwa wapi. Kicheko kilipanda juu, kikamlenga mwenye joho, mwenye mali, mume anayedhani mke ni kufuli lake.

Kwa hiyo ukihamisha kisa kwenda mahali pengine au zama nyingine, usibadilishe nguo tu. Tafuta mtu ambaye jamii hiyo inamwinamia. Kasisi wa Varlungo anachekesha kwa sababu Jumapili watu wake wanamsikiliza kwa adabu. Ukimfanya fundi baiskeli, hakuna kisa.

Vipo pia visa ambavyo kicheko chake kinashuka chini, kikamkanyaga asiye na uwezo, na ushauri wangu ni kuviacha. Kisa cha Msimamizi, kinachofuata kile cha Msaga Nafaka, kina wanafunzi wawili wanaolipiza wizi wa unga kwa kuwaingilia gizani mke na binti wa mwenye nyumba. Binti anashtukizwa usingizini, na mke anadhani ni mumewe. Zamani kiliitwa mzaha. Kwenye skrini, mbele ya uso wa mwigizaji wa kweli, mtazamaji ataona ubakaji, na ataona sawasawa. Kisa cha Alibech nacho ni cha msichana wa miaka kama 14. Kiache kitabuni. Pasolini alikishuti kisa hicho Yemen, kisha akakiondoa katika filamu yake.

Hatua ya nne: amua juu ya wasimulizi

Boccaccio ana vijana kumi, wanawake saba na wanaume watatu, waliokimbia tauni. Chaucer ana mahujaji njiani. Je, uwabakize? Pasolini aliwaondoa wale kumi, akamweka mchoraji, mwanafunzi wa Giotto, mchoraji mashuhuri wa Florence, aliyeigizwa na Pasolini mwenyewe. Mfululizo wa Netflix wa 2024 ulifanya kinyume: ukabaki na tauni na jumba la kifahari, ukaviacha visa vingi. Kwa filamu fupi, jibu langu ni rahisi: chukua kisa kimoja, waache wasimulizi. Kwa mfululizo, wabakize, kwa sababu kicheko cha watu ambao nje ya ukuta wao kuna maiti ni kicheko kingine kabisa.

Hatua ya tano: jenga sini juu ya nani anajua nini

Hapa tukae. Nitatumia kisa cha Peronella, cha pili katika siku ya saba, kwa sababu kina nyumba moja, watu wanne, na mtungi mkubwa. Isitoshe, kina asili ya Afrika: Boccaccio alikichukua kwa Apuleius, mwandishi wa karne ya 2 aliyezaliwa Madauros, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Kisa kilivuka bahari, kikafika Napoli.

Chora jedwali la safu nne: mume, mke, mpenzi, mtazamaji. Kila tukio likibadilisha anachojua mmoja wao, andika. Usiandike majibizano yoyote kabla jedwali halijajaa.

Mume ni mwashi, mke anasokota sufu kwa ujira. Asubuhi mume ametoka kazini, mpenzi, Giannello, ameingia. Lakini leo ni sikukuu ya mtakatifu, hakuna kazi, mume anarudi. Anaukuta mlango umefungwa kwa ndani, naye anamshukuru Mungu kwa kumpa mke mwenye heshima anayejifungia. Tukio la kwanza tu, na mtazamaji tayari anajua zaidi ya mume.

Giannello anaingia mtungini. Peronella anafungua mlango, na badala ya kujitetea anashambulia. Mtu asije akakuambia uyafupishe maneno yake. Kwa Kiswahili yangesikika hivi:

“Leo kulikoni? Zana mkononi saa hizi! Tutakula nini, baba? Mimi nasokota usiku na mchana mpaka nyama inaachana na kucha, angalau tupate mafuta ya taa, na wewe unanirudia mikono mitupu?”

Nyama inayoachana na kucha imo kwa Boccaccio. Ni maneno ya mwanamke anayemdanganya mumewe, na kila neno ni kweli. Nyumba ni maskini, vidole vinamuuma. Mtazamaji anakuwa upande wake hapo, kabla ya hila. Mwigizaji akiyasema kama mzaha, sini imeharibika. Ayaseme kwa uchungu wote.

Mume anajitetea: hata bila kazi leo kuna chakula, ameuuza mtungi, mnunuzi yuko nyuma yake, atatoa sarafu tano za fedha, gigliati. Safu ya mpenzi inabadilika: yumo ndani ya bidhaa iliyouzwa. Peronella hapumui. Wewe mwanaume unayezunguka mjini umeuuza kwa tano? Mimi niliyekaa ndani nimeuuza kwa saba, na mnunuzi wangu yumo ndani anaukagua. Giannello anaruka nje kama mtu mwenye fedha zake: mtungi ni mzima, ila ndani umeganda machicha, sitauchukua hivi. Mume anamrudisha mnunuzi wake, anavua koti, anawasha taa, anaingia kukwangua. Peronella anainama juu ya mdomo wa mtungi, akiuziba kwa kichwa na mkono, akimwelekeza: kwangua hapa, na hapa, na pale palibaki. Na Giannello yuko nyuma yake.

Sasa, kamera iwe wapi? Silika ya wengi ni kuiweka nje. Mimi ningeishusha mtungini pamoja na mume. Uso wake, mwanga wa taa ya mafuta, vumbi la machicha, mlio wa chuma juu ya udongo, na juu kabisa uso wa mkewe ukiwa umezunguka mdomo wa mtungi kama mwezi, ukitoa maelekezo kwa sauti isiyotulia. Mtazamaji anajua kila kitu bila kuonyeshwa kitu, na anakijua akiwa amekaa pamoja na mtu asiyejua. Hakuna picha ya mwili itakayoipita hiyo kwa ukali wala kwa ucheshi.

Inadai maandalizi. Tengenezeni mitungi miwili: mmoja mzima, wenye mdomo unaopitisha mabega ya mwanaume lakini mwembamba kiasi mwanamke mmoja aweze kuuziba, na wa pili uliokatwa nusu kwa ajili ya kamera. Sauti ya ndani irekodiwe ndani kwelikweli, kwa maana mwangwi wa udongo ni mgumu kuuiga wakati wa kuhariri. Na msisahau mwisho wa kisa: Giannello analipa zile saba, na mtungi unapelekwa nyumbani kwake; kwa Apuleius, ni mume mwenyewe anayeubeba. Mshuti mume akiwa anaubeba, njia nzima, bila kukata.

Vipimo vingine vimo kitabuni, tumia. Dirisha la Alisoun, Chaucer anasema, lilikuwa chini kiasi cha kumfikia Absolon kifuani. Seti ikijengwa na dirisha la kimo cha kichwa, mzaha mzima hauwezekani kimwili.

Hatua ya sita: lugha, na tafsida ya picha

Kosa ninaloliona katika skripti za namna hii ni Kiswahili kizito cha kumwiga mtu wa kale. Wahusika wanazungumza kama hati ya mahakama. Boccaccio aliandika lugha ya watu wake. Katika hitimisho la kitabu anajitetea kwamba maneno kama shimo, kigingi, kinu, mchi na soseji watu huyasema kutwa. Pasolini alivileta visa karibu vyote Napoli na kuwaacha watu waongee lahaja ya pale. Jeff Baena, katika filamu ya 2017 iliyotokana na visa vya watawa vya siku ya tatu, aliwafanya watawa wa Toscana waongee Kiingereza cha mtaani cha Wamarekani wa leo. Zote ni njia halali. Isiyo halali ni kuchanganya. Chagua mahali pamoja pa Kiswahili chako, Mji Mkongwe, Mombasa au Kariakoo, na kila mhusika aongee kutoka hapo, kasisi akiwa na Kiswahili cha mimbarini ambacho kinamtoroka akikasirika.

Kiswahili kina utajiri wa tafsida, na huu ndio wakati wake. Katika kisa cha Caterina, binti anaomba kulala rosheni ili asikilize ndege anayeimba usiku. Asubuhi baba yake anamwita mama: njoo uone, mwanao amemkamata ndege, na bado yumo mkononi. Yule kijana anaozeshwa pale pale. Ukiwa na neno “ndege”, huhitaji shuka kuanguka. Onyesha ndege mwanzoni, mara moja, kwa uzuri. Baadaye sauti yake itatosha.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba kila kisa kina kitu kimoja cha kushikika kinachobeba siri: mtungi, joho, kinu, ndege, beseni. Kikionekana mara tatu, mara ya tatu watu watacheka kabla ya mtu kusema.

Hatua ya saba: waigizaji

Kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi, kila mwigizaji apewe kwa maandishi kinachoonekana, kinachoguswa na kinachofunikwa, na awe na haki ya kusema hapana baadaye. HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, ilianza mwaka 2018 kuweka mtu maalumu wa kusimamia sini za faragha. Hata kama huna fedha za mtaalamu, mpe kazi hiyo mtu mmoja anayeaminika, asiwe mwongozaji. Sini hizi zipangwe hatua kwa hatua kama pambano la panga. Mwigizaji mwenye hofu hachekeshi.

Kuhusu nyuso, Pasolini anafundisha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuja Tanzania na Uganda na kamera, akitafuta sura za watu wa kawaida kwa filamu aliyoiwazia kutoka tamthilia ya Kigiriki. Macho yaleyale alikwenda nayo Napoli. Watu wake wana meno yaliyopishana na vicheko vya kweli. Visa hivi ni vya watu wanaofanya kazi kwa mikono. Tafuta mwashi mwenye mikono ya mwashi.

Hatua ya nane: kibali

Ukishuti au kuonyesha Tanzania, filamu inapitia Bodi ya Filamu, chini ya sheria Na. 4 ya 1976. Kenya, Bodi ya Uainishaji wa Filamu, chini ya Sura ya 222. Peleka skripti kamili mapema, na uandike ukurasa mmoja wa kueleza kinachoonekana katika kila sini yenye utata. Filamu iliyojengwa juu ya mtungi na ndege inaeleweka upesi kwenye ukurasa huo.

Hatua ya mwisho: mahali pa kukata

Mhariri ataulizwa: filamu iishe wapi? Wengi watataka kuishia kwenye jibu la kasisi kuhusu mchi, kwa kuwa ndilo kali. Boccaccio anaendelea kidogo. Belcolore anamnunia kasisi mpaka msimu wa zabibu, kisha wanapatana kwa mvinyo mpya na chestnut za moto. Na badala ya zile lire tano, kasisi anamtengenezea tari yake: anaiwamba ngozi mpya na kuifunga kengele ndogo.

Ningeishia hapo. Asubuhi, mume yuko shambani, kinu kimerudi mahali pake. Kamera isiingie ndani. Ibaki uani, na kutoka chumbani isikike kengele ile, mara moja, kisha mara ya pili.